Mwangwi Uliofungiwa Kwenye Springi

Leo nazungumzia kifaa ambacho mmekisikia mara nyingi sana redioni na pengine hamjawahi kukitia machoni. Ni sanduku la bati, bapa, lenye urefu wa sentimita 42 na ushei, linalokaa chini kabisa ndani ya kasha la amplifaya ya gitaa, aghalabu likiwa limevikwa mfuko mweusi. Ukilifunua hukuti transista wala saketi yoyote. Unakuta springi nyembamba zimening'inizwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, basi. Amplifaya ikiwa imewashwa, ukizigusa kwa kidole, spika inanguruma nyumba nzima ikashtuka.

Springi hizo ndizo zinazolipa gitaa la umeme mwangwi wake, ule ambao mafundi mitambo wetu huuita eko kwa jumla, ingawa eko ni za namna nyingi. Wengi huichukulia springi kuwa njia ya bei rahisi ya kuiga ukumbi mkubwa. Mimi naamini ni sehemu ya gitaa lenyewe, kama zilivyo nyuzi na mbao, na kwamba mpigaji huipiga springi sawasawa na anavyozipiga nyuzi. Nitajitahidi kuwaonyesha kwa nini.

Habari hii haianzi kwenye gitaa. Inaanza kwenye kinanda. Laurens Hammond alikuwa mhandisi wa Chicago aliyejulikana kwa saa za umeme. Mwaka 1935 alianza kuuza kinanda kisicho na mabomba, ambacho sauti yake ilizalishwa na magurudumu ya chuma yakizunguka mbele ya sumaku. Makanisa yasiyo na uwezo wa kujenga kinanda cha mabomba yalikichangamkia, na baada ya makanisa zikafuata nyumba za watu binafsi. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Sebule ya Marekani ilikuwa na zulia, mapazia mazito na makochi ya kitambaa, na vitu hivyo humeza sauti. Mnunuzi anabonyeza, noti inatoka, anaachia, noti inakatika papo hapo. Aliyewahi kusikiliza kwaya ndani ya kanisa la mawe la Mkunazini, kule Unguja, anaelewa alichokuwa akikitafuta mnunuzi yule: sauti inayobaki hewani kidogo baada ya mwimbaji kufunga kinywa.

Hammond aliipata dawa kwa watu wa simu. Watafiti wa Bell Labs walikuwa wakitumia springi kuchelewesha sauti, ili waweze kuchunguza ndani ya maabara jinsi mazungumzo yanavyochelewa kwenye nyaya za masafa marefu. Hawakuwa na haja yoyote ya muziki. Hammond akalichukua wazo hilo akalitia kwenye makasha ya spika za vinanda vyake. Mitambo ya mwanzo ilikuwa mikubwa, mirefu kupita mita moja, na baadhi ya springi zilizamishwa ndani ya mafuta ili zitulie. Kifaa cha namna hiyo huwezi kukibeba kwenda kupiga dansi. Ilibidi kusubiri hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, wahandisi wa kampuni yake walipofanikiwa kukipunguza chote kikaingia kwenye sanduku bapa nililowaelezea.

Kumbukeni mwangwi ulipatikanaje kabla ya hapo. Studio kubwa zilijenga vyumba vitupu vya saruji, zikaweka spika upande huu na maikrofoni upande ule. Capitol ya Hollywood ilichimba vyumba vyake chini ya ardhi. Wajerumani mwaka 1957 walileta EMT 140, bamba la chuma la mita mbili kwa moja likiwa limening'inizwa ndani ya fremu, mtambo wenye uzito wa zaidi ya kilo 250. Kwa hiyo mwangwi ulikuwa mali ya mwenye studio. Mpigaji wa jukwaani alitegemea ukumbi alioitiwa, na ukumbi ukiwa na dari la chini na watu wamejaa, alitoka mikono mitupu. Sanduku la springi lilimpa mwangwi wake mwenyewe, wa kubeba mkononi.

Aliyelifikisha kwa wapiga gitaa wengi zaidi ni Leo Fender wa Fullerton, California. Alikuwa fundi redio, na gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Aliwasikiliza waliojua. Mwaka 1961 kampuni yake ilitoa kisanduku cha mwangwi kinachojitegemea, chenye valvu zake na nobu tatu, kikitumia springi za Hammond. Mwaka huohuo Ampeg walikuwa tayari wameuweka mwangwi ndani ya amplifaya yao iliyoitwa Reverberocket. Fender wakafuata mwaka 1963 na Vibroverb, kisha zikaja Deluxe Reverb na Twin Reverb, ambazo hadi leo hukosi kuziona studioni au jukwaani popote muziki wa gitaa unapochukuliwa kwa uzito.

Katika kundi la waliopeleka vifaa vya Fender mbio ni kijana wa Boston aliyehamia California, Dick Dale. Jina lake la kuzaliwa ni Richard Monsour, baba yake akiwa na asili ya Lebanon, na muziki wa Waarabu aliukuta nyumbani, udi na ngoma vikipigwa na watu wa ukoo wake. Sisi tuliokulia kwenye taarabu tukimsikiliza tunamtambua mara moja: mkono wa kulia unapiga juu-chini bila kupumzika, noti moja inatetemeshwa mpaka inakuwa sauti ndefu, kama afanyavyo mpiga udi. Dale mwenyewe alieleza kwamba mwangwi aliutaka kwanza kwa ajili ya sauti yake ya kuimba, ambayo aliiona kavu. Baadaye ndipo gitaa likachomekwa humo. Vijana wa pwani ya California, waliokuwa wakiteleza juu ya mawimbi mchana na kucheza dansi usiku, wakaupokea mlio huo, na kwa miaka michache mwanzoni mwa miaka ya 1960 haikuwezekana bendi ya aina hiyo kupanda jukwaani bila kisanduku cha springi.

Sasa tuingie ndani ya sanduku, maana utamu uko huko. Umeme wa sauti ya gitaa unaingia kwenye koili ndogo upande wa kushoto, tuseme. Katikati ya koili kuna kipande kidogo sana cha sumaku kilichofungwa kwenye ncha ya springi. Umeme unapobadilika, sumaku inajinyonga huku na huku, na mnyongo huo unasafiri ndani ya waya wa springi hadi upande wa pili. Huko kuna sumaku nyingine na koili nyingine, zinazofanya kazi kinyume: mnyongo unageuzwa kuwa umeme tena, umeme dhaifu mno unaohitaji kukuzwa upya kabla ya kuchanganywa na sauti halisi. Lakini mnyongo hauishii pale. Unagonga mwisho wa springi, unarudi, unagonga mwanzo, unakwenda tena, kila safari ukipoteza nguvu kidogo, mpaka unakufa baada ya sekunde mbili, tatu, hata nne.

Safari moja ya kwenda huchukua takriban milisekunde 33 kwenye springi moja na 41 kwenye nyingine. Tofauti hiyo imewekwa kwa makusudi. Springi mbili zingekuwa na mwendo mmoja, marudio yangeangukia pamoja na ungesikia gitaa linajirudiarudia kwa mapigo yanayohesabika. Zikipishana, marudio yanajazana mianya. Masanduku mengine huongeza springi ya tatu ya milisekunde 37, na mwangwi wake ni mzito zaidi, laini zaidi. Mimi hupenda zaidi ule wa springi mbili. Una mifupa.

Jambo la ajabu kuliko yote ni hili. Hewani, sauti nene na sauti nyembamba husafiri kwa mwendo mmoja. Ndiyo maana ukiwa nyuma ya uwanja muziki unakufikia ukiwa mzima. Ndani ya springi haiko hivyo. Piga noti moja kavu, fupi, iliyobanwa kwa kiganja, na humo ndani itatawanyika kama watoto waliotumwa dukani pamoja wakarudi mmoja mmoja: sauti nene zinatangulia, nyembamba zinafuata nyuma yake kwa kuchelewa zaidi na zaidi, hadi karibu na hezi 4,000, na juu ya hapo springi hairudishi kitu cha maana. Sikio linachosikia ni mlio mfupi unaopanda, tyuu, tyuu, tyuu, na kila unaporudi unazidi kuvutika. Wapigaji wa Marekani huuita mdondoko, kwa kuwa unawakumbusha matone ya maji. Hakuna kanisa duniani linalotoa mlio huo, wala pango, wala kisima. Ni wa springi peke yake.

Hapo ndipo ninapopata ushahidi wangu. Mdondoko hauji kwa kufungua nobu tu. Ukipiga akodi pana na kuiacha ielee, springi inakupa ukungu wa sauti, mzuri, usiokuwa na tukio. Ukibana nyuzi kwa kiganja na kupiga kwa nguvu, kwa pigo lililokatwa, springi inaruka. Kisanduku cha mwaka 1961 kilikuwa na nobu iliyoandikwa Dwell, iliyoamua springi zisukumwe kwa nguvu kiasi gani, na Mixer, iliyoamua uchanganye kiasi gani cha mwangwi na sauti kavu, pamoja na nobu ya toni. Mpigaji mzuri aliyajua mambo mawili ya kwanza kwa mkono wake: kusukuma kwa nguvu ukachanganya kidogo ni kitu kimoja, kusukuma polepole ukachanganya kwa wingi ni kitu kingine kabisa. Amplifaya zilizokuja baadaye zilibakiza nobu moja tu, na nguvu ya kusukuma ikaamuliwa kiwandani. Uamuzi huo ulirahisisha maisha, na nasema bila kusita kwamba ulimpunguzia mpigaji kitu.

Mtu mwingine aliyeielewa springi kama chombo hakuwa mpiga gitaa. Osbourne Ruddock wa Kingston, Jamaika, ambaye dunia inamjua kama King Tubby, alikuwa fundi wa vifaa vya umeme. Katika kuchanganya upya rekodi za rege kuwa dabu alitumia kifaa cha springi kilichotengenezwa na kampuni ya Fisher kwa ajili ya redio na santuri za sebuleni. Alisukumia humo mpigo mmoja wa ngoma, au neno moja la mwimbaji, ukafa taratibu huku muziki wote ukiwa umeondolewa. Pengine aliligonga sanduku lenyewe, na ile ngurumo mnayoisikia ghafla katikati ya dabu, inayotikisa spika na kutoweka, ni springi zikipigana. Kifaa cha kumliwaza msikilizaji aliyekaa kwenye kochi kikawa ngoma.

Nani aliyatengeneza masanduku haya? Kwenye baadhi ya yale yaliyotoka Milton, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, kiwanda kilibandika lebo ikijigamba kwamba yametengenezwa na wasichana warembo katika mazingira ya hewa iliyodhibitiwa. Wakusanyaji wa vifaa vya zamani huichekelea lebo hiyo. Mimi huwafikiria wanawake wale. Kuunganisha waya mwembamba kuliko unywele kwenye koili, kutundika sumaku isiyozidi punje ya mchele, kurekebisha mvuto wa springi usizidi wala usipungue, ni ufundi wa hali ya juu. Lebo iliwasifia sura, na haikutaja jina la hata mmoja wao.

Biashara hiyo imehamahama tangu hapo. Jina la Accutronics, lililozaliwa ndani ya ukoo wa Hammond, liliuzwa mwaka 2009 kwa kampuni ya Belton ya Korea Kusini, na huko ndiko yanakotoka mengi ya masanduku mapya ya siku hizi. Muundo wake haujabadilika kwa kiasi cha kushtua. Fungua jipya na la mwaka 1964, uyaweke sambamba, utatambua undugu mara moja.

Kilichobadilika ni kwamba leo unaweza kuwa na mlio wa springi bila springi. Mwaka 2019 Fender wenyewe walitoa mfululizo wa Tone Master, ambapo Twin Reverb na Deluxe Reverb zinaigizwa na kompyuta iliyo ndani ya kasha, mwangwi ukiwemo. Twin ya valvu ina uzito wa karibu kilo 29. Ile ya kompyuta ni kama kilo 15. Kwa mpigaji anayepanda daladala na mzigo wake, au anayepandisha vyombo ghorofa ya tatu bila lifti, tofauti hiyo ni ya mgongo wake, na simlaumu hata kidogo akichagua nyepesi. Zipo pia pedali ndogo za miguuni zinazoiga springi, na nyingine zinaiga vizuri sana. Nikifumba macho na kusikiliza rekodi, mara nyingi siwezi kuapa kipi ni kipi.

Bali jukwaani mambo hubadilika. Njia moja ya kuiga ni kurekodi jinsi sanduku linavyoitikia mpigo mmoja, kisha kompyuta ikautumia mwitikio huo kwa kila noti. Njia hiyo inanasa vizuri mkia wa mwangwi. Isichonasa ni kile kinachotokea valvu inapozidiwa na pigo kali, transfoma ndogo ikalemewa, na springi ikaanza kukwaruza. Isichonasa pia ni kwamba sanduku halisi liko sentimita chache tu kutoka kwenye spika. Spika inalitikisa kasha, kasha linazitikisa springi, springi zinarudisha mtikisiko kwenye spika. Kwa sauti kubwa springi inausikia ukumbi, inamsikia mpiga besi, inahisi hata jukwaa la mbao likikanyagwa na wachezaji. Waigaji hodari wanazidi kuyakaribia mambo hayo, nami nawapongeza kwa dhati. Lakini anayepiga gitaa lake kupitia sanduku halisi anajua kwamba kuna kitu hai kinachomjibu mgongoni.

Kwa upande mwingine, sipendi kusifu kila springi kwa sababu tu ni springi. Amplifaya nyingi ndogo za sasa hutiwa sanduku fupi, la sentimita 23 na kidogo, na mlio wake ni wa kopo. Kwa saizi hiyo mwigo mzuri wa kompyuta unaishinda springi, na sioni haya kusema hivyo.

Nimebakiza jambo ninalotaka mafundi wetu wanisikilize kwa makini, kwa sababu huniuma kuona amplifaya nzuri ikiuzwa kwa bei ya kutupa ati eko imekufa. Mara nyingi haijafa. Amplifaya ya valvu ina umeme wa volti 400 na zaidi ndani ya chesisi yake, na unabaki humo hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo kama hujafundishwa usifungue chesisi. Sanduku la springi, kwa bahati njema, liko nje ya chesisi, chini, na unalifikia kwa nyuma. Linaunganishwa kwa nyaya mbili za aina ileile tunayotumia kuunganisha deki na televisheni. Anza na hizo. Zibadilishe kwanza, maana waya uliochoka ni ugonjwa wa kawaida kuliko mwingine wowote. Hakikisha pia hazikupishanishwa, wa kuingia ukawekwa pa kutoka, kwa sababu ncha mbili za sanduku hazifanani.

Kisha chukua mita yako, zima amplifaya, chomoa nyaya na upime koili. Kwenye sanduku la Fender upande wa kuingia unasoma kidogo tu, chini ya omu 1 au karibu na hapo. Upande wa kutoka unasoma takriban omu 200. Mita isiposoma chochote, koili au uzi wake umekatika. Uzi huo mwembamba hukatika zaidi pale unapounganishwa na soketi, na fundi mwenye mkono mtulivu na pasi ndogo ya kuchomelea anaurudisha bila kununua kitu. Koili zikiwa nzima na mwangwi unavuma mfululizo, tazama sanduku limelazwa vipi: upande wa kutoka ukae mbali na transfoma ya umeme, na ule mfuko mweusi usitupwe, kazi yake ni kuzikinga springi na spika.

Ikibidi ununue jipya, usinunue kwa urefu peke yake. Soma mfululizo wa namba na herufi uliochapwa juu yake. La Fender za kale ni 4AB3C1B. Namba 4 ni umbo, lile refu la springi mbili. Herufi A ni upande wa kuingia, omu 8 kwa umeme wa sauti. B inayofuata ni upande wa kutoka, omu 2,250. Ukichukua lenye E mahali pa A, yaani omu 600, litaingia vizuri kwenye kasha, skurubu zitakaa, na mwangwi utatoka dhaifu mno mpaka uamini amplifaya ndiyo mbovu. Namba ya katikati, hiyo 3, ni muda wa mwangwi kufa: 1 ni mfupi, chini ya sekunde mbili, 2 ni wa wastani, na 3 unafika hata sekunde nne. Herufi ya mwisho inaeleza sanduku lilazwe vipi, na ukilipuuza hilo springi zitalegea upande mmoja zikakwaruza bati.

Kiwanda cha Fender kilichagua 3, na kwa muziki wake kilichagua vyema. Anayepiga soli kwenye muziki wa dansi, hasa pale kwenye sebene ambapo noti zinamiminika na gitaa la pili linajibu papo hapo, ajaribu namba 1. Noti zitabaki zimetengana, kila moja na kivuli chake kifupi, na gitaa la ridhimu litasikika.